Mji Mkongwe kwa miguu na kamera: jua upande gani, maji saa ngapi

Ukifika Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, saa 2 asubuhi na kamera mkononi, picha ya kwanza utakayoitamani ni ya safu ya majumba yanayotazama bahari: Beit al-Ajaib, kasri la Beit al-Sahel, na mbele kidogo Zahanati Kongwe na roshani zake za mbao. Picha hiyo haitatoka vizuri. Jua liko nyuma ya majumba, mbingu imepauka, kuta zimegeuka kijivu, na hakuna kitufe cha kamera cha kuliondoa tatizo hilo. Safu hiyo yote inatazama kaskazini-magharibi. Asubuhi iko kivulini, jua huanza kuigusa kuelekea adhuhuri au baada yake kulingana na msimu, na kuanzia saa 10 jioni ndipo mwanga unapoikaa sawasawa.

Mji wenyewe ni mdogo. Kutoka Malindi hadi Shangani kwa njia ya pwani ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mtu anayesimama simama, na kutoka Darajani kukatiza vichochoro hadi baharini ni dakika 15 usipopotea. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuzunguka kwa mpangilio wa vijitabu vya watalii, jengo baada ya jengo. Kinachopanga siku ya mpiga picha hapa ni jua na maji ya bahari. Ukivijua hivyo viwili, kila mtaa una saa yake, na baraza moja ukiipitia mara tatu kwa siku utakuta picha tatu tofauti.

Maji kwanza

Wengi huangalia saa ya machweo kwenye simu wakaishia hapo. Lakini Unguja, siku za bamvua (maji makubwa), tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufika takriban mita 4. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mashua inayoelea chini ya ukuta wa bahari na mashua iliyolala ubavu mchangani, utumbo wa kamba na nanga ukiwa nje. Ni mahali pamoja, ila picha zake hazina uhusiano.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na nguvu yake huonekana zaidi siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa baina ya saa 10 na saa 11, alfajiri na tena jioni, na hukauka baina ya saa 4 na saa 5, asubuhi na tena usiku. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu: maji hupanda na kushuka kidogo, na saa zake zimegeuka, yanajaa asubuhi kati na kupwa jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar linapatikana mtandaoni, lakini hesabu ya mwezi wa Kiislamu inatosha kwa kupanga: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu.

Ukiweza kuchagua siku moja tu, chagua siku ya 2 au ya 3 baada ya mwezi kuandama. Usiku ni wa giza, kwa hiyo boti za dagaa zinazovua kwa taa zimetoka, na alfajiri Malindi kuna kazi. (Usiku wa mwezi mpevu taa hazivuti dagaa vizuri, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika.) Asubuhi kati maji yamekauka, vyombo viko mchangani. Jioni maji yamejaa hadi ukutani, na vijana wa Forodhani wanachupa. Na jua likishazama, hilali imesimama magharibi juu ya bahari kwa saa moja na zaidi. Bamvua ya mwezi mpevu inakupa nusu ya hayo. Siku za maji mafu tumia jioni yako vichochoroni au Shangani, usiipoteze ukisubiri Forodhani ijae.

Mkobani

Beba kidogo. Kamera moja, lenzi ya milimita 24 au 28, na nyingine ya 35 au 50 kama unaipenda. Lenzi ndefu ya 70 hadi 200 ina kazi ya kweli saa mbili tu za siku hii, jioni kwa ajili ya matanga. Ukiwa na mgongo mbovu, iache. Tripodi ndogo ya kutosha kwenye mkoba, betri mbili, kadi mbili, pampu ya mkono ya kupulizia vumbi, vitambaa viwili vya kufutia (kimoja kikavu, kimoja cha kulowanisha kidogo), mfuko wa plastiki wa kuifunikia kamera mvua ikija, na maji ya kunywa. Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye soli inayoshika. Sakafu ya diko la samaki ina utelezi, na mawe ya vichochoroni yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi.

Kitu kinachoharibu alfajiri za wengi ni kiyoyozi. Kamera iliyolala kwenye chumba cha nyuzi 20 ikitolewa ghafla kwenye hewa ya pwani, kioo cha lenzi hufunga ukungu wa maji papo hapo, na ukikifuta kinafunga tena. Hilo hudumu dakika 20 au 30, na kama umebadilisha lenzi wakati huo, unyevu umeshaingia ndani. Dawa yake ni rahisi: zima kiyoyozi kabla ya kulala, au weka mkoba uliofungwa kando ya dirisha lililo wazi nusu saa kabla ya kutoka. Kwa simu ni hivyohivyo, na simu ina tatizo lake la ziada, mafuta ya vidole juu ya kijilenzi. Taa yoyote ya usiku itageuka ukungu wenye miale. Futa kwanza, kila mara.

Alfajiri: Malindi

Jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro dakika 5, mwezi wa Novemba, na saa 12:35, mwezi wa Julai. Uwe umefika Malindi nusu saa kabla. Mwanga wa mashariki unakuja kutoka upande wa nchi kavu, ukiwa wa chini na wa rangi ya dhahabu, na unawapiga wavuvi wanaoteremsha samaki ubavuni. Huo ndio ubavu unaoutaka: upande mmoja wa uso mwangani, mwingine kivulini, na magamba ya samaki yanang'aa.

Diko la samaki ni mahali pa kazi na pesa. Mnada unakwenda mbio, mapato ya usiku mzima wa mtu yako sakafuni, na mpiga picha anayesimama katikati ya njia ya wabebaji anapigwa kumbo kwa haki. Salimia kwanza, kamera ikiwa imening'inia chini. "Assalaam aleikum, wazee wangu, naomba ruhusa nipige picha." Atakayekubali atakuonesha kwa kichwa, atakayekataa ataweka kiganja. Mwenye kiganja usimrudie. Ukishapata ruhusa ya mnadi au ya mwenye samaki, kaa pembeni mahali pamoja dakika 10 bila kupiga, watu warudi kwenye kazi yao. Picha za dakika 5 za mwanzo huwa za watu wanaoitazama kamera.

Kwa mipangilio: kabla ya jua kutoka, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200, upenyo wa lenzi f/2.8 hadi f/4, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/200 ya sekunde. Mikono ya wanaopanga na kupima samaki inakwenda kasi kuliko unavyodhani, na kwa 1/60 kila kidole kitakuwa na mkia. Chini ya paa lenye taa za LED, jihadhari na shata ya kielektroniki isiyo na sauti: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na picha itatoka na mistari ya giza. Rudi kwenye shata ya kawaida, na mistari ikiendelea shuka hadi 1/100 au 1/50, na hapo chagua vitu vilivyotulia.

Bandari ya meli iko palepale jirani. Geti lake, maofisa wake, vyombo vya KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na vya polisi, usivielekezee kamera, hata kwa mbali, hata kama nyuma yake kuna macheo mazuri kiasi gani. Vivyo hivyo Ikulu na kambi. Droni usiirushe bila vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya ulinzi, na vibali hivyo huombwa kabla ya safari, siyo ukishafika.

Darajani, kwa kifupi

Jengo la soko ni la mwaka 1904 na lina uzuri wake, lakini kwa mpiga picha Darajani ni eneo la nje: ndizi, viungo, baiskeli, sauti. Fika baina ya saa 2 na saa 3. Kinachoharibu picha hapa ni maturubai. Mwanga ukipenya turubai la buluu, uso wa mtu na papai lake vinakuwa buluu. Ukipenya la rangi ya machungwa, kila kitu kinakuwa homa ya manjano. Kompyuta haiondoi rangi hiyo vizuri kwa sababu upande mmoja wa uso umepakwa na mwingine haujapakwa. Sogea hatua mbili hadi ukingo wa kivuli, ambako mwanga mweupe wa mbinguni unaingia, umwombe muuzaji ageukie huko. Kama haiwezekani, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe.

Nunua kitu. Kumi la machungwa au kifungu cha mdalasini hakikupunguzii chochote, na mazungumzo yanayokuja nayo yana thamani kuliko picha ya kuiba.

Vichochoro: saa 3 hadi saa 5

Hapa ndipo siku ilipo, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mrefu. Mitaa ya Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, Sokomuhogo hadi Baghani ina njia zenye upana wa mita 2 au 3 baina ya nyumba za ghorofa mbili tatu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zimepakwa nyeupe au zimepauka. Jua la asubuhi likishapanda, linapiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja tu. Chini, njia nzima iko kivulini. Lakini ukuta ule wa juu unarudisha mwanga kwa wa pili, wa pili unaurudisha kwa wa kwanza, na unapofika barazani umeshakuwa laini kama maziwa. Hakuna studio inayotoa mwanga wa uso mzuri kuliko huo. Ngozi nyeusi inaupokea kwa namna ya pekee: paji la uso na mashavu yanashika mng'ao mpana usio na doa, na macho yana nuru ndani yake.

Namna ya kuutafuta: usitazame njia, tazama juu. Ukiona ukuta mweupe unawaka jua kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu, mtu aliyekaa kwenye baraza la upande wa pili, akiutazama ukuta huo, yuko mahali sahihi. Kama ukuta unaowaka ni wa manjano au wa kijani, uso nao utashika rangi hiyo, tafuta mwingine. Mizani ya rangi ya kamera iweke kwenye kivuli, karibu 7000 K (kelvini), la sivyo weupe utaelekea buluu. Ukipiga RAW (faili ghafi) utaweza kusahihisha baadaye, lakini kuiona sawa kwenye kioo cha kamera kunakusaidia kuamua.

Kipimo cha mwanga cha kamera kinadanganywa na weupe. Kamera huchukulia kuwa dunia nzima ina rangi ya kijivu cha kati, kwa hiyo ikiona ukuta mweupe umejaa fremu, inapunguza mwanga na uso wa mtu aliye mbele unazama gizani. Ongeza fidia ya mwanga kwa hatua +2/3 hadi +1. Kinyume chake hutokea mtu aliyevaa buibui jeusi akijaza fremu: kamera inaongeza mwanga mno na ukuta nyuma yake unaungua. Hapo punguza -2/3. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, ushikilie hadi fokasi na mwanga vifunge, kisha vuta mwanga juu au chini kwa kidole.

Kwa watu wanaotembea tumia 1/250 na f/5.6, na ISO iachie ipande yenyewe hadi 1600. Chagua pembe moja yenye mwanga, usubiri. Vichochoro hivi vimepinda, hujui nani anakuja, na kona inakuletea mtu ghafla akiwa hatua nne kutoka kwako. Fokasi iweke tayari kwenye jiwe analotarajiwa kukanyaga. Sikiliza honi na kengele: pikipiki na baiskeli zinapita humu, na anayerudi kinyumenyume kwa ajili ya kupanua fremu ndiye anayegongwa. Ukisikia mlio, panda barazani.

Milango inahitaji maneno yake. Kila mgeni hupiga milango, na nyingi ya picha hizo zina kasoro moja kati ya tatu. Kwanza, umbali. Ukisimama mita 2 kutoka mlangoni ukashika kamera wima, lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili inabeba kimo cha mita 2 tu, na milango mingi ya hapa pamoja na vilemba vyake (vizingiti vya juu vyenye nakshi) inafika mita 2.5 hadi 3. Lenzi ya 24 inabeba mita 3. Kwa hiyo 24 ndiyo lenzi ya milango; ukiwa na 35, piga sehemu, siyo mlango mzima. Pili, kuinamisha kamera juu. Mlango unaonekana kuanguka nyuma. Shikilia kamera usawa wa katikati ya mlango, kama mita 1.3 kutoka chini, na iwe sambamba na mbao. Tatu, jua la uso kwa uso. Nakshi ni kina: huonekana pale tu mwanga unapopita kando ukaacha kivuli kidogo katika kila chongo. Jua likiupiga mlango moja kwa moja, mnyororo, samaki na yungiyungi vilivyochongwa kwenye miimo vinapotea vyote, na njumu za shaba zinabaki nukta nyeupe. Subiri kivuli, au rudi jua likiwa linakwangua ukuta kwa upande.

Cha kuchunguza kwenye picha ni mfaa, ule mhimili wa katikati unaobeba nakshi nzito kuliko ubao wenyewe. Usiukate. Na milango ya zamani ya Kiomani ina kilemba cha mstatili, mara nyingi chenye maandishi ya Kiarabu, ilhali yenye upinde juu ni mtindo uliokuja baadaye kwa mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Ukizipiga mbili hizo kwa pamoja, kwa pembe na umbali uleule, unapata jozi yenye maana.

Mlango ukiwa wazi, usipige ndani. Kuna ua, kuna nguo zimeanikwa, kuna watu nyumbani kwao. Ukitaka kuingia, piga hodi, usubiri mpaka uambiwe karibu. Akina mama usiwapige kwa kuvizia, hata kwa lenzi ndefu, hata kwa mgongo. Muombe: "Bi mkubwa, naomba picha, nitakuonesha." Wengi watakataa, na kukataa kwao ndiko jibu. Watoto, muulize mkubwa aliye karibu. Ukiahidi kutuma picha, tuma jioni hiyohiyo. Wapiga picha wanaoahidi na kupotea ndio waliofanya barazani watu wachoke kuombwa.

Ukipotea, na utapotea, uliza njia ya Minara Miwili (kanisa la Kikatoliki) au ya Forodhani, kila mtu anajua. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, kaa unywe kahawa chungu na kashata. Wazee wanacheza bao na kujadili siasa. Weka kamera pajani hadi kikombe cha pili.

Siku ya bamvua, saa 4

Kama ni bamvua, katiza vichochoro kwa muda urudi pwani ya Malindi na Mizingani, maana saa 4 hadi saa 5 maji yamekauka. Mashua na ngalawa zimelala, na ndipo zinapohudumiwa: mafundi wanakalafati nyufa kwa pamba, wengine wanakwangua chini ya chombo au kupaka shahamu. Jua ni kali sasa, lakini chini ya tumbo la mashua kuna kivuli, na mchanga mweupe unarudisha mwanga juu. Chuchumaa, piga kutoka chini, f/8, 1/250, mikono na nyundo ndani ya kivuli hicho. Usiweke mkoba mchangani. Punje moja ikiingia kwenye pete ya lenzi utaisikia mwaka mzima.

Adhuhuri

Saa 6 hadi saa 9 nje hakuna picha nyingi. Mji uko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na siku za mwanzo wa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Isipokuwa jambo moja: siku hizo, karibu saa 6:35 Machi na saa 6:10 Oktoba, jua linaingia moja kwa moja hadi sakafu ya vichochoro vyembamba na kuchora ukanda wa nuru kwa dakika chache. Mtu akiuvuka, mpimie mwanga wa ukanda, giza liache lizame.

Muda huu uwape majengo. Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana, palikuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ndani kuna madirisha ya rangi na mwanga mdogo. ISO 1600, egemea nguzo, bila fleshi. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Zipige kutoka usawa wa macho yao, kwa kupiga magoti ukingoni, siyo kutoka juu kama anayetazama kisimani. Na tafadhali, hapa si mahali pa kujipiga picha ukitabasamu. Watu walipimwa na kuuzwa kwenye ardhi hiyo, na wajukuu wa wajukuu wao wanaishi katika mji huu.

Ijumaa adhuhuri njia za karibu na misikiti hujaa waumini. Panga uwe umekaa mahali. Ramadhani mchana usile wala kunywa njiani, na sogeza kazi yako usiku, mji unapochangamka baada ya tarawehe.

Jioni: safu ya bahari inapowaka

Saa 10 rudi Forodhani. Sasa ile safu ya asubuhi ina mwanga, na msimu una neno lake. Juni na Julai jua huzama kaskazini zaidi ya magharibi, kwa hiyo linaipiga safu karibu uso kwa uso: rangi nzuri, kina kidogo. Novemba hadi Januari huzama kusini ya magharibi na kuikwangua safu kwa ubavu, kila nguzo na kila kimia cha roshani kinatoa kivuli. Kwa Zahanati Kongwe, jengo lililomalizwa mwaka 1894 na lenye mbao zilizochongwa kama lesi, miezi hiyo ndiyo yake. Simama ng'ambo ya barabara ya Mizingani, lenzi ya 35, f/8.

Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, ya mwaka 1883, iliporomoka sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Desemba 2020. Usiizungushie kamera kana kwamba ni aibu ya kuficha, wala usitafute pembe ya kuigiza kuwa iko nzima. Ipige ilivyo. Mji huu umejengwa kwa chokaa na boriti za mikoko, na mvua inaula kila masika. Picha ya jeraha lake na mafundi wake ni kumbukumbu itakayohitajika.

Kisha wachupaji. Siku za bamvua, kuanzia saa 10, vijana wanakimbia juu ya ukuta na kujirusha baharini kwa mitindo. Kaa chini, ukuta uwe ukingo wa fremu, mbingu nyuma. Shata 1/1000 au zaidi, f/5.6, fokasi ifungwe kwenye ukingo wanaporukia, picha mfululizo zianze anapokanyaga hatua ya mwisho, siyo akiwa hewani, kwa sababu hapo umeshachelewa. Pimia mwanga wa mbingu ili miili iwe maumbo meusi. Hilo ni zuri kwa macho, na linawalinda, maana wengi ni watoto na nyuso zao si za kutangazwa. Usimlipe mtu aruke. Maji yakianza kupungua wao wenyewe huacha, wanajua kina. Pesa yako inaweza kumshawishi mmoja aruke mara moja zaidi pasipofaa.

Kwa machweo, Forodhani ni pazuri katikati ya mwaka. Kuanzia Novemba jua linashuka kuelekea Shangani, na majengo na miti hulikata, kwa hiyo tembea dakika 10 hadi ufuo wa Shangani unaotazama magharibi. Hapa toa lenzi ndefu. Ngalawa na mashua hupita na matanga; subiri chombo kiwe kimetengana na chombo kingine, foromali (mti unaobeba tanga) ionekane kamili, na tanga lisigusane na duara la jua. Pima mwanga wa mbingu pembeni mwa jua, punguza -1, 1/500. Jua huzama baina ya saa 12:10 na saa 12:50 kulingana na mwezi.

Usiondoke likizama. Huku kwetu utusitusi ni mfupi, kama dakika 20 hivi, na dakika ya 10 hadi ya 20 ndizo za buluu iliyokolea, wakati taa za Forodhani zimeshawaka na mbingu bado ina rangi. Weka tripodi mapema, ISO 100, f/8, sekunde 2 hadi 8. Kinachokosewa hapa ni vyombo: mashua iliyotia nanga haitulii, na kwa sekunde 4 mlingoti wake unakuwa ukungu. Ama elekeza tripodi nchi kavu tu, ama panda hadi ISO 3200, f/2.8 na 1/30, upige nyingi, uchague ile ambayo chombo kilikuwa mwisho wa mtikisiko wake, kimesita kabla ya kurudi.

Baada ya hapo ni vibanda vya chakula: moshi wa mishkaki, miwa inayokamuliwa, mabakuli ya urojo. Simama moshi ukiwa baina yako na taa, siyo nyuma yako. 1/100, ISO 3200. Omba ruhusa kwa mwenye kibanda, na ununue kwake.

Kabla ya kulala

Nakili kadi mahali pawili kabla ya kuoga. Kisha kamera. Chumvi ya bahari haionekani, lakini imetua kila mahali, na usiku inanyonya unyevu na kula skrubu. Puliza mchanga kwanza kwa pampu, kamera ikitazama chini. Ukifuta kabla ya kupuliza, umepiga msasa kioo. Halafu kitambaa kilicholowanishwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukamuliwa hadi kikauke kiasi, pitisha kwenye mwili wa kamera, pete za lenzi na miguu ya tripodi, kisha kikavu. Tripodi iliyoingia baharini ifunguliwe viungo vyote na kusuuzwa. Pete ya lenzi ikikwaruza, usiilazimishe kuzunguka. Iache ilivyo hadi fundi aifungue, kwani kila mzunguko unaisaga punje ndani zaidi. Pakiti za kunyonya unyevu ziwekwe mkobani na kubadilishwa zikishalowa, hasa masika, kwa sababu lenzi iliyofungiwa na unyevu huota ukungu wa kweli kwenye vioo vya ndani, na huo hautoki kwa kitambaa.